Kwa nini pua hutiririka kamasi asubuhi za baridi, hata huku kwetu Mtwara ambako baridi yenyewe ni ya nyuzi 20?

Mleta uzi, Shangani

Wanajukwaa, salaam.

Upepo wa kusi umeshika, na kama ilivyo ada ya Juni, Julai na Agosti, alfajiri za Mtwara Mjini zinashuka hadi karibu nyuzi joto 20, ilhali Newala na vijiji vingine vya juu ya uwanda wa Makonde vinapata baridi zaidi ya hiyo pamoja na ukungu wake. Kwa mwenyeji wa Njombe au Makete hii si baridi ya kutajwa, na akitusikia tunalalamika hucheka. Hata hivyo, pita stendi saa kumi na mbili asubuhi ujionee: makondakta, wauza uji, wanafunzi na abiria wa Masasi, wengi wao wanapenga kamasi au wanazivuta ndani, na ukiwauliza watakwambia wamepata mafua. Ifikapo saa nne, jua likiwa limechangamka, pua hizo hizo ni kavu. Mafua ya kweli hayana tabia ya kuisha kati ya saa kumi na mbili na saa nne.

Ninachotaka kusema ni kwamba kamasi hizo nyepesi za asubuhi si ugonjwa, bali ni pua inayotimiza wajibu wake, na kwamba haihitaji baridi ya Makete ili iamke. Nitaeleza kwa kirefu, hivyo mwenye haraka anisamehe.

Mapafu hayapokei hewa kama ilivyo huko nje. Hewa inapofika kwenye vifuko vya mapafu hutakiwa iwe na joto la mwili, yaani nyuzi 37, na iwe imeshiba mvuke wa maji kiasi cha kutoweza kubeba zaidi. Hewa ya namna hiyo ina takriban gramu 44 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20, hata ikiwa imeshiba kama ile ya alfajiri yenye umande, haibebi zaidi ya gramu 17 hivi. Gramu 27 zinazopungua lazima zitoke mwilini, na sehemu kubwa yake hutolewa na utando laini uliovika pua kwa ndani. Linganisha na mchana wa Februari wenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75: hewa hiyo tayari ina gramu 25 za maji, kwa hiyo pua inadaiwa gramu 19 tu. Makete asubuhi ya nyuzi 5, hewa haiwezi kubeba hata gramu 7, na deni linafika gramu 37. Kwa hesabu hizi, deni la pua linapanda kwa gramu 8 kutoka Februari hadi Julai hapa hapa Mtwara, na kwa gramu 10 kutoka Julai ya Mtwara hadi Julai ya Makete. Anayetucheka aziangalie namba hizo mbili jinsi zilivyokaribiana.

Mtu mzima aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, jambo ambalo kwa siku nzima hufikia mita 10 za ujazo hivi. Ukizidisha kwa gramu 27 unapata gramu 270, yaani zaidi ya robo lita ya maji. Si yote yanayopotea, kwa kuwa hewa inapotoka nje hupita tena juu ya utando ule ule ambao sasa umepoa, nayo huuachia sehemu ya joto na maji yake. Anayepumua kwa mdomo hukosa sehemu kubwa ya marejesho hayo, ndiyo maana huamka koo likiwa limemkauka.

Kazi hiyo yote hufanyika katika muda wa pumzi moja. Ndani ya kila upande wa pua kuna mikunjo mitatu ya mifupa iliyovikwa utando wenye mishipa mingi ya damu, ambayo huongeza eneo la hewa kugusana na nyama iliyo moto na yenye unyevu. Hewa baridi ikiingia, mishipa hiyo hujaa damu ili kupasha joto, utando huvimba kidogo, na mtu husikia pua imeziba wakati huo huo inapotiririka.

Sasa, pua inajuaje kwamba hewa ni baridi? Katika utando huo kuna ncha za neva ya tano ya kichwa, ile inayohudumia hisi za uso. Juu ya baadhi ya ncha hizo kuna vijilango vya protini vinavyoitwa TRPM8, vilivyotambuliwa mwaka 2002 na maabara mbili za Marekani kila moja ikifanya kazi kivyake, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian. Wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021 kwa uvumbuzi wao kuhusu hisi za joto na mguso. Hapa ndipo penye jibu la swali la uzi huu. Vijilango hivyo havisubiri barafu. Huanza kufunguka joto linaposhuka kufikia nyuzi 26 hadi 28 hivi, na kadiri linavyozidi kushuka ndivyo vinavyofunguka zaidi. Hewa ya nyuzi 20 inayopita kwa kasi mwanzoni mwa pua inatosha kabisa kuviamsha.

Vikishafunguka, taarifa hupelekwa kwenye shina la ubongo, na amri hurudi kwa njia ya neva nyingine zinazomwaga kemikali iitwayo asetilikolini juu ya tezi za pua. Tezi hutoa majimaji mengi kwa haraka, mepesi kuliko ute wa kawaida, bila wewe kushauriwa. Ushahidi kwamba jambo hili hupitia kwenye neva ni wa aina mbili. Kwanza, hewa baridi na kavu ikipulizwa kwenye tundu moja la pua, tundu la pili nalo hutoa kamasi ingawa halikuguswa. Pili, dawa zinazozuia asetilikolini, kama ipratropiamu ya kupuliza puani, hupunguza mtiririko huo waziwazi.

Kuna sababu nyingine inayotajwa sana, nayo ni mvuke wa pumzi kuganda na kuwa maji kwenye ncha ya pua iliyopoa, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho kwa nje. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu hupewa uzito kupita kiasi huku kwetu. Mahali ambapo pumzi inaonekana kama moshi mdomoni, sababu hiyo ina nafasi kubwa. Mtwara Mjini huuoni moshi huo, na pua zinatiririka vilevile.

Mwisho, kuna vijinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo husukuma ute kuelekea nyuma, kooni, kwa mwendo wa milimita kadhaa kwa dakika, nasi humeza kutwa nzima bila kujua. Baridi huvipunguzia kasi. Majimaji yanaongezeka wakati wasukumaji wamelegea, kwa hiyo kinachobaki ni kushuka kwa mbele.

Karibuni kwa hoja.

Mvuvi Mstaafu, Mikindani

Mwanangu mleta uzi, nimesoma yote mpaka mwisho na nimekuelewa, lakini kuna jambo umeliruka. Mimi nimeivua bahari hii miaka mingi. Miezi ya kusi mtu anarudi pwani amelowa, upepo unampiga, na baada ya siku mbili tatu analala ndani na mafua yenye homa, kisha watoto wake, kisha mama yao. Miezi ya kaskazi, Desemba na Januari, tunalowa vilevile lakini hatuumwi kiasi hicho. Wazee wetu hawakutukataza kulala na nguo mbichi kwa kupenda tu. Kama baridi haileti mafua, hayo niliyoyaona ni nini?

Mleta uzi, Shangani

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito na limewahi kushughulikiwa na watu wenye vifaa.

Nilichosema ni kwamba kamasi za alfajiri zinazokauka mchana si mafua. Mafua ni kazi ya virusi, na walio wengi zaidi ni wale wa jamii ya rinovirusi, ambao aina zake zinazojulikana zinazidi 150. Bila kirusi, hata mtu akilala juu ya barafu hatapata mafua, ingawa anaweza kupata madhara mengine. Lakini kama baridi humsaidia kirusi aliyekwishaingia, hilo ndilo ambalo wataalamu wamevutana kwa miongo mingi.

Uingereza walikuwa na kituo maalumu cha utafiti wa mafua karibu na mji wa Salisbury, kilichopokea watu wa kujitolea kuanzia mwaka 1946 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Walijaribu kuwapoza watu, wakiwaacha na nguo zilizolowa mahali penye upepo wa baridi, na hawakuona kwamba hao walipata mafua zaidi ya wenzao. Kwa muda mrefu jibu hilo lilichukuliwa kuwa la mwisho. Kisha mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Cardiff kilitangaza jaribio la watu 180: tisini waliweka miguu katika maji baridi kwa dakika 20, na tisini wengine waliweka miguu katika bakuli tupu. Katika siku nne au tano zilizofuata, watu 13 wa kundi la maji baridi walisema wanaumwa mafua, na 5 wa kundi la pili. Watafiti wale walikisia kwamba miguu ikipoa, mishipa ya damu ya pua hujibana, ulinzi wa pua hupungua, na kirusi ambaye tayari yumo kimya hupata nafasi. Ieleweke kwamba jaribio hilo lilitegemea maelezo ya washiriki wenyewe kuhusu walivyojisikia, kwa hiyo mimi sitalibebesha mzigo mkubwa.

Lenye uzito zaidi kwangu ni lile la Chuo Kikuu cha Yale la mwaka 2015. Inajulikana tangu zamani kwamba rinovirusi huzaliana vizuri zaidi katika nyuzi 33 hadi 35, joto la pua, kuliko katika nyuzi 37 za mapafu. Watafiti wa Yale walichunguza seli za njia ya hewa za panya na kuona kwamba katika nyuzi 33 seli zenyewe hupiga kengele ya hatari kwa udhaifu kuliko katika nyuzi 37. Kwa hiyo mzee wangu, ulichokiona Mikindani kinaweza kuwa na msingi: kirusi yumo kijijini, pua zimepoa, na usiku wa kusi familia nzima inafunga madirisha na kulala chumba kimoja. Hilo la mwisho ndilo ningeliangalia kwanza, maana wewe mwenyewe umesema walianza baba, wakafuata watoto, kisha mama. Ugonjwa unaopita mtu kwa mtu kwa mpangilio huo umebebwa na kitu kinachoambukiza.

Boda wa Tandahimba

Mkuu, asante kwa somo. Mimi napeleka abiria Newala alfajiri, na pikipiki ikishika mwendo machozi yanatoka na pua inatiririka mpaka inaingia mdomoni. Nikisimama, dakika chache tu imekauka. Hiyo nayo ni neva, au ni upepo tu?

Mleta uzi, Shangani

Ni vyote, ndugu yangu, na kwako kuna mfereji wa ziada. Kwenye kona ya ndani ya kila jicho kuna tundu dogo linaloingiza machozi katika mrija unaoishia ndani ya pua. Upepo unapokupiga macho, yanatoa machozi ili yasikauke. Sehemu hushuka mashavuni, na sehemu hushukia puani. Kwa hiyo baadhi ya hicho unachokiita kamasi ni machozi yako mwenyewe. Kofia yenye kioo kizima cha mbele itakusaidia kuliko dawa yoyote.

Kuhusu mwendo, hewa inayokimbia huondoa joto la uso na la ncha ya pua kwa haraka kuliko hewa iliyotulia yenye joto lile lile. Tandahimba na Newala ziko juu, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hivyo mtu wa mita 700 anaanza siku akiwa nyuzi nne hadi tano chini ya mtu wa Shangani, kabla hata ya kuwasha pikipiki.

Ukijifunga kitambaa puani na mdomoni utaona tofauti mara moja. Kitambaa hicho hushika joto na mvuke wa pumzi inayotoka na kukurudishia katika pumzi inayoingia. Mama zetu wanaotoka alfajiri wamejitanda kanga mpaka puani wanafanya jambo lenye hesabu kamili nyuma yake.

Mkulima wa Kitangari

Naomba niongeze jambo ambalo watu wa mjini hawaligusi. Huku kwetu miezi hii ya baridi ndiyo miezi ya kupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Tunapuliza alfajiri, wakati upepo umetulia na majani bado yana umande, ili unga ushike. Maana yake ni kwamba saa ile ile yenye baridi kuliko zote ndiyo saa tunayovuta salfa. Mwenye shamba jirani akipuliza, nyumba yangu nzima inapiga chafya, macho yanawasha, na kamasi zinatoka. Mleta uzi ukizungumzia kamasi za Julai kwa watu wa uwanda wa Makonde bila kuitaja salfa, umeeleza nusu ya habari. Isitoshe, wengi wetu tunapuliza bila barakoa na bila miwani.

Mleta uzi, Shangani

Nakubaliana nawe kabisa, kaka, na nimefurahi jambo hili limetoka kwa mtu anayelishika kwa mikono yake. Neva inayohisi baridi puani ndiyo hiyo hiyo inayohisi vumbi, moshi na kemikali zinazochoma, ingawa vijilango vinavyofunguka ni vingine. Pilipili, kwa mfano, hufungua kijilango kiitwacho TRPV1, ambacho maabara ya Julius ilikitambua mwaka 1997, na ndiyo maana mtu anayekula mchuzi mkali hupenga kamasi akiwa anatokwa na jasho. Ukishuka kwenye tezi, amri ni ile ile: toa majimaji, osha.

Ila kuna tofauti inayofaa kushikwa. Baridi ikiondoka, kamasi huisha ndani ya dakika chache. Salfa hukaa kwenye nguo, kwenye nywele na kwenye utando wenyewe, kwa hiyo mwasho huendelea hata jua likiwaka. Mtu ambaye pua yake haikauki saa nne, macho yamekuwa mekundu na kifua kinabana, asiisingizie baridi. Mwenye pumu hasa asikae karibu na mashine inapopulizwa, na anayepuliza avae barakoa ya kuzuia vumbi, miwani iliyofunga pande zote na nguo za mikono mirefu, kisha aoge na kubadili nguo kabla ya kupakata mtoto.

Mama wa Chuno

Kaka zangu, mimi nina mtoto wa miezi minne. Kila asubuhi pua inakoroma, kamasi nyepesi zinatoka, na wakati mwingine anaachia titi ili apumue. Bibi yake anataka tumpe amoksilini iliyobaki ya kaka yake. Je, naye ni baridi tu?

Muuguzi Mstaafu, Lindi

Mwanangu, hapa naomba mleta uzi anipishe.

Dawa iliyobaki ya mtoto mwingine usimpe. Amoksilini huua bakteria; haina kazi yoyote juu ya baridi wala juu ya kirusi cha mafua, na kuitumia ovyo ndiko kunakofanya siku tunapoihitaji kweli isifanye kazi. Hata kamasi zikigeuka njano au kijani, hiyo peke yake si ishara kwamba anahitaji dawa hiyo, kwa sababu rangi hutokana na chembe za kinga za mwili wake mwenyewe.

Mtoto wa umri huo hupenda sana kupumulia pua, na matundu yake ni membamba, kwa hiyo kamasi kidogo ambazo mtu mzima asingezihisi kwake ni kizuizi. Kabla ya kumnyonyesha, mdondoshee puani tone moja au mawili ya maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa kwa kazi hiyo, subiri kidogo, kisha zifute au zivute kwa kipira maalumu kilicho safi. Mvike kofia na umkinge na upepo, lakini usimfukize kwa maji yanayochemka wala usimpake puani dawa za kuchua zenye harufu kali, kwani kwa mtoto mdogo zinaweza kumletea shida ya kupumua.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko yote. Akiwa ametulia na halii, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua kwa haraka. Kwa aliye chini ya miezi miwili kikomo ni 60, na kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Ukiona anapumua kwa kasi hiyo, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au anashindwa kunyonya, au anatapika kila kitu, au amelegea na haamki vizuri, au amepata degedege, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo. Usisubiri jua lichomoze.

Mama wa Chuno

Ahsante sana, mama. Nimehesabu alipolala, ni 38. Nitanunua maji ya chumvi leo.

Mwalimu wa Nachingwea

Ndugu mleta uzi, wanafunzi wangu huniuliza kama umbo la pua lina uhusiano na hali ya hewa, kwa kuwa wanaona watu wa nchi za baridi wana pua nyembamba. Nimekuwa nikisita kuwajibu, maana hoja za namna hii zimewahi kutumiwa vibaya kuwapanga watu kwa madaraja.

Mleta uzi, Shangani

Kusita kwako kuna sababu, mwalimu. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, uliopima pua za watu wenye asili ya Afrika Magharibi, Asia Mashariki, Asia Kusini na Ulaya Kaskazini. Waliona kwamba upana wa matundu ya pua unahusiana na joto na unyevu wa mahali walikotoka mababu, kiasi kwamba bahati ya urithi peke yake haitoshi kueleza tofauti hizo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba njia nyembamba huifanya hewa kavu na baridi iguse utando kwa ukaribu zaidi. Hata hivyo, watafiti hao hao walieleza kwamba uchaguzi wa wenza nao unaweza kuwa umechangia. Wanafunzi wako unaweza kuwaambia hivyo bila woga, ukiwakumbusha kwamba pua zote, nyembamba na pana, hutiririka kwenye baridi.

Kijana wa Ruangwa

Wakuu, nina maswali mawili ya haraka. Kwanza, dawa za kuchua zenye mentoli zinafungua pua kweli, au ni hisia tu? Pili, kuna ile dawa ya kupuliza puani ya kuzibua, mimi ni mtumiaji wa kila siku tangu kusi lianze, na siku nisipopuliza pua inaziba kuliko mwanzo.

Mleta uzi, Shangani

La kwanza nitalijibu mimi. Mentoli, inayopatikana kwenye mimea ya jamii ya mnanaa, hufungua kijilango kile kile cha TRPM8 kinachofunguliwa na baridi. Kwa hakika wagunduzi wake walikipata kwa kutumia mentoli. Ubongo hupokea taarifa ya ubaridi na kuitafsiri kuwa hewa inapita kwa wingi. Vipimo vya mtiririko wa hewa vimeonyesha kwamba pua haikufunguka zaidi, ila mtu anahisi imefunguka. Kwa mtu mzima asiyeweza kulala, hisia hiyo ina thamani yake na siidharau.

Muuguzi Mstaafu, Lindi

La pili ni langu. Mwanangu, kinachokuziba sasa ni dawa yenyewe. Dawa za kupuliza za kuzibua hubana mishipa ya damu ya pua, na zikitumiwa kwa zaidi ya siku tatu hadi tano mfululizo, mishipa huzoea, kisha hutanuka kupita kiasi dawa inapokwisha nguvu. Nawe unapuliza tena, na mzunguko unaendelea. Iache. Wengine huanza kwa kuiacha kwenye tundu moja, tundu hilo likishatulia ndipo wanaiacha kwenye la pili. Siku za mwanzo utateseka usiku. Maji ya chumvi yatakupunguzia. Ukishindwa, nenda ukamwone daktari, akuangalie pia kama una mzio, maana wenye mzio na pumu ndio ambao baridi huwatesa pua kuliko wengine, na wao zipo dawa zao tofauti kabisa na hiyo unayoitumia.

Kijana wa Ruangwa

Nimekuelewa, mama. Nitaanza na tundu la kushoto usiku wa leo.